Kitanda cha Mama Mkwe

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mke wangu alikuwa akisema ameolewa na mwanamume anayekula huku amesimama. Kwa hiyo miaka ile ya wakimbizi, malori yalipokuwa yakipita kutwa kucha kutoka mpakani Rusumo na kila kijana wa Ngara akitafuta kazi, niliposikia kuna mafunzo ya ukaguzi wa nyumba nilikimbilia. Kazi ya kutembea na kuchungulia nyumba za watu! Nilijiona nimezaliwa kwa ajili yake.

Miti ilikuwa imekwisha kwenye vilima vyetu, yote imekuwa kuni na vibanda, na wanakijiji wenye nyumba zilizochoka hawakuwa na pa kukata nguzo. Shirika moja likaahidi kuwaletea kabla ya mvua. Nguzo zisingetosha wote, ndiyo maana wanafunzi sita tukafundishwa kuingia kila nyumba na kujaza fomu: inafaa, au haifai. Aliyeandikiwa haifai ndiye aliyepata nguzo.

Mwalimu wetu alikuwa fundi mstaafu kutoka Biharamulo, mtu asiyecheka. Alimpa kila mmoja bisibisi ndefu. Ukiichoma nguzo ikagoma, ni nzima; ikizama kama kwenye ndizi mbivu, imeliwa na mchwa. Alitutaka tuanze na chumba cha kulala, na tusogeze kitanda, kwa sababu mchwa hupenda mahali ambapo ufagio haufiki. Aliyesahau kitanda alirudishwa kwa miguu njia nzima. Mimi kwa haraka zangu nilirudishwa mara mbili.

Siku ya mtihani kila mtu alipewa karatasi yenye nyumba moja ya kukagua peke yake. Nilifungua yangu nikasoma: Nyakisasa, nyumba ya mjane. Nyumba ile niliijua vizuri, maana ndiko nilikopeleka mahari. Mjane huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake. Hata kiungue, atamwita mtu mwingine aingie. Kukigusa kitanda chake ndiyo usiseme. Ningeweza kumwomba mwalimu anibadilishie nyumba, lakini nilitaka kumaliza, nipate kazi, niondoke. Huo ulikuwa ujinga wangu na sina wa kumsingizia.

Mama alikuwa uani akipepeta maharage. Nilimwamkia shikamoo nikitazama chini, naye akaitikia marahaba akitazama pembeni, kama inavyotakiwa. Nikakagua sebule, nikakagua paa, nikafika kwenye mlango wa chumba chake. Palikuwa na pazia la khanga. Nilisimama pale na bisibisi yangu, nikasikia ungo umenyamaza nyuma yangu. Basi nikatoka, nikazunguka nyumba, nikagonga ukuta wa chumba kwa nje. Ulilia vizuri, au mimi nilitaka ulie vizuri. Nikaandika: chumba cha kulala, inafaa. Ungo ukaanza tena.

Nilifaulu mtihani. Nikaambiwa nianze kazi Jumatatu.

Siku tatu zilizofuata sikukaa. Nililima nusu tuta nikaacha, nikaenda dukani nikasahau nilichofuata. Kila wingu lililotokea upande wa Nyakisasa nililitolea macho. Mwishowe mke wangu akaniuliza nina nini, nikamweleza yote.

"Ile nguzo ya kichwani pa kitanda chake imekatika kwa chini," alisema. "Mama ameiegemezea mchi tangu mwaka jana."

Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje habari za chumba cha mama? Na yeye angekuambiaje?"

Nikaelewa kwa nini ungo ulinyamaza. Alikuwa akisubiri niingie, na akiogopa nisije nikaingia. Nilijichukia. Nilikuwa nimemwandikia mama wa watu kulala chini ya ukuta ule masika yote, kwa kalamu yangu mwenyewe, nikauita ukaguzi.

Nikaenda kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Alinisikiliza, akachana fomu yangu, akaniambia kufaulu kwangu kumefutika na nitarudia mafunzo na kundi lijalo. Nguzo za nyumba za mtihani zingegawiwa keshokutwa. Kama nilitaka mjane awemo, niende kesho, nikague upya, niingie kila chumba. Nilimwomba atume mwingine. Akasema wengine wameshatawanyika makwao kungoja Jumatatu, na kosa si lao.

Mke wangu akatangulia jioni ile kumpelekea mama habari. Mimi nilifika asubuhi, nikiwa sijui nitafanya nini mbele ya lile pazia.

Pazia halikuwepo. Kitanda kilikuwa uani, kwenye jua, na godoro lake la majani, blanketi, sanduku la nguo, vyote vimepangwa nje, majirani wakitazama. Mwanamke yule, ambaye hata kandambili zake sikuwahi kuziona zimeachwa ovyo, alikuwa ametoa kitanda chake nje mbele ya kijiji kizima. Alisimama mlangoni akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Na hakusema Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Alisema Kiswahili, lugha ya ofisini, kwa matamshi yetu ya Kihangaza.

"Karibu, bwana mkaguzi. Humu hakuna kitanda, hakuna mtu anayerara. Ingia ufanye kazi."

Niliingia. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya kitanda, na karibu na alama za kichwani ile nguzo, na mchi umeishikilia. Bisibisi ilizama mpaka mpini. Niliandika haraka, nikatoka.

Alikuwa ameketi juu ya kitanda chake, juani, akinisubiri.

"Haifai, mama," nikamwambia.

Akainuka, akatazama pembeni, akanijibu kwa Kihangaza, polepole, "Asante, mkwe wangu." Kisha akamwita binti yake aje washike kitanda, nami nikageuka upande mwingine wakati wanakirudisha ndani.