Ndoto Niliyoitolea Ushuhuda

Sitaki kudanganya: nayakumbuka maisha yale kwa hamu. Nikiwaambia wenzangu kazini kwamba nililelewa katika kanisa la mabati huko Utange, ambako hereni zilikuwa dhambi, suruali kwa mwanamke ilikuwa dhambi, na tamthilia za jioni zilikuwa dhambi inayotumia umeme, hunitazama kwa huruma. Huruma ya nini? Tulikuwa na raha zetu. Tuliimba mpaka mabati yakatetemeka. Kila Alhamisi alasiri akina mama na wasichana tulikutana kwa maombi nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na mwenye zamu alipika. Tukisema kweli, wengi wetu tulikumbuka tulichokula kuliko tulichohubiriwa.

Zamu iliyongojewa kuliko zote ilikuwa ya mpishi wetu. Alikuwa mjane mwenye mvi, mtu wa kwetu Kaloleni, mwembamba, mkali wa ulimi, na hapakuwa na harusi wala matanga ya kanisa bila sufuria zake. Alikuna nazi mwenyewe, akatenga tui la kwanza na la pili, akaupalia wali makaa juu ya kifuniko, kisha akaketi kando kana kwamba hana habari nao. Akifunua, nyumba tatu za jirani zilijua. Watu wazima, tena waliookoka, waligombania ukoko.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilimfuata jikoni miaka miwili mizima. Niliosha mchele, nilipuliza moto, nilitukanwa. "Huo ni wali ama ni uji wa mgonjwa?" alikuwa akiniuliza mbele za watu. Nilivumilia kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu: siku moja anikabidhi sufuria ya pili kwenye harusi, watu waone. Kwetu msichana asiyevaa hereni wala kusuka rasta alikuwa na mapambo mawili, sauti na mapishi, na sauti mimi sikujaliwa.

Ikaja harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa. Sufuria ya pili akampa mwanamke mgeni, mtu wa bara, mke wa kuli wa bandari ya Kipevu, ambaye hata mwaka hakuwa ameumaliza Utange. Mtu wa bara ajue nini habari za tui? Mimi niliwekwa kwenye kachumbari. Nilikata vitunguu nikilia, na watu wakadhani ni vitunguu.

Wiki iliyofuata kanisa zima lilifunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Siku ya pili nililala, nikaota. Mpishi wetu alikuwa amesimama mlangoni na sahani, akanilisha kuku kwa mkono wake, nami nikala mpaka nikaamka natafuna. Asiyelijua kanisa letu atasema hiyo ni njaa. Lakini sisi tulifundishwa kwamba anayekulisha nyama ndotoni anakutaka, anakuingiza katika mambo yake ya giza, na dawa yake ni kuitoa ndoto hiyo hadharani, kwenye ushuhuda.

Jumapili nikasimama. Sikumtaja. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo, kwamba sikumtaja. Nilisema tu, "Bwana asifiwe. Nimeota nikilishwa nyama na mama mmoja wa humu humu, fundi wa kupika." Vilemba vyeupe vyote vikageuka upande mmoja. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Naona haya kuliandika, lakini wakati ule nilijisikia vizuri. Watu walikuwa wananisikiliza.

Baada ya hapo mambo yalijiendesha yenyewe. Mmoja akakumbuka kwamba mimba yake ilitoka baada ya harusi ile. Mwingine mumewe alikuwa ameachishwa kazi bandarini, naye alikula sahani mbili. Mtoto wa mwingine alishikwa na degedege. Wote walikuwa wamekula wali wa mpishi wetu, na hakuna aliyejiuliza ni nani katika kanisa zima ambaye hakuwahi kuula. Kikulacho ki nguoni mwako, wakanong'onezana. Hata sifa zake ziligeuzwa ushahidi: wali gani wa kuwavuta watu namna ile, kama hauna kitu ndani? Wazee wakamwita, wakamwekea mikono, wakamtaka atubu.

"Nitubu nini?" akawauliza. "Nitajieni, nami n'tatubu."

Wakamwambia apumzike na upishi kwanza.

Alhamisi yake ikafika, nasi tukaenda, maana zamu ni zamu. Tukaimba, tukaomba, tukafumbua macho, na sahani zilikuwa mbele yetu. Ghafla kila mtu alikuwa na udhuru. Huyu amefunga, huyu tumbo lamsumbua, huyu amekatazwa nazi kwa sababu ya presha. Mimi nilisema nina haraka. Wali ukapoa na kuku wake juu, na mwenye nyumba ameketi kwenye kigoda, mwiko mapajani, anatutazama mmoja mmoja. Aliyekula ni yule mwanamke wa bara peke yake. Alikula, akaongeza, akaomba ukoko.

Tulipokuwa tunarudi akanishika mkono. "Dada, si tulikuwa tumefunga siku tatu?" akaniuliza. "Mimi niliota chapati. Chapati nane. Sasa nimshtaki nani?"

Hakuwa anacheka. Nilimwambia nimechelewa, nikakata njia ya mkato ambayo haikunifikisha nyumbani upesi hata kidogo.

Mwezi haukuisha, mawe yakarushwa juu ya mabati yake mchana kweupe, na migomba yake ikakutwa imekatwa. Sote huku Pwani twajua mzee mwenye mvi akishapewa jina lile la mchawi hufanywa nini na wenye mapanga. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Jumapili nikasimama tena, nikasema ndoto ile ilikuwa njaa yangu na wivu wangu, mama wa watu hana kosa. Mchungaji alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akaliambia kanisa lione jinsi nguvu zile zilivyokwisha kunishika ulimi, wakanizunguka, wakaniombea mimi. Kwetu ushuhuda ukishatolewa haurudishwi. Jumanne binti wa mpishi wetu akaja na pikapu, akamhamishia mamake Port Reitz, na uani kukabaki mafiga matatu na majivu.

Kanisa lile lingalipo. Nikipita Alhamisi na kusikia wanaimba, moyo wangu huingia ndani kabla sijaukataza. Nilipendwa pale. Watu walewale waliorusha macho yao kwa yule mama ndio waliokesha na mimi nilipofiwa na baba, ndio walioninunulia sare ya shule. Nimejaribu kuwachukia nikashindwa, labda kwa sababu ningelazimika kuanza na mimi.

Mwaka jana nikajikaza, nikaenda Port Reitz. Alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji, nikamwomba radhi, nikamweleza yote, sufuria ya pili na wivu na njaa. Alinisikiliza, kisha akanigusa begani. "Nilikusamehe kitambo. Inuka, wachafua nguo."

Tukaketi. Akaniuliza habari za mama, za kazi, kama nimeolewa. Akanitania kwamba wali wangu bila shaka ndio uliowakimbiza wachumba, nikacheka mpaka nikatokwa na machozi, maana nilikuwa na hamu naye mno. Harufu ya nazi ilikuwa inakuja kutoka jikoni, na bintiye alikuwa anapanga sahani. Nikasema kwa furaha kwamba leo siondoki mpaka nile.

Mama akamtazama bintiye. Bintiye naye akaacha kupanga.

"Siku hizi mgeni simpi chakula changu," mama akasema. "Si kwa ubaya, mwanangu. Lakini wewe ukenda kwenu, kesho ukaumwa na kichwa, mimi n'tahamia wapi tena?"

Bintiye akatoka kwenda dukani, akarudi na soda ya baridi. Mama hakuishika. Alinielekeza kwa kidevu kwenye kifungulio kilichokuwa mezani, akakivuta kiti chake nyuma, akaiweka mikono yake juu ya magoti mahali ninapoweza kuiona.

"Fungua mwenyewe," akaniambia, "uone haijaguswa."