Nilivyosindikiza mti mfu hadi kwenye mashindano, enzi za mkoloni pale Kileleshwa

Wakuu, shikamooni wachache mlionizidi umri, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mzee wa Riruta, tisini nimeshaivuka. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti hapa baada ya kuchoka kusikia hadithi zangu mezani. Ninachosimulia nilikiona kwa macho haya, hata kama siku hizi yanahitaji miwani miwili. Picha sina, kabla hamjaniuliza. Kamera zilikuwa za wazungu, na wao hawakuwa wanapiga picha watu wa shamba.

Nimeuona uzi wa vijana humu wanaouza bonsai, vile vimti vya kudumazwa kwenye vyungu, nikacheka hadi chai ikanipalia. Nyinyi mnadhani hiyo kitu imekuja juzi.

Twende pole pole.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana kutoka Bunyore, nimeajiriwa kutunza bustani Kileleshwa. Futeni hayo maghorofa ya leo kichwani. Kulikuwa na nyumba moja moja zenye vigae, nyasi zilizonyolewa kuliko vichwa vyetu, na nyuma kabisa, karibu na jaa, kwota za wafanyakazi.

Memsahib wangu alikuwa na mti mmoja ndani ya chungu bapa kama sahani. Mutarakwa, ule ule mnaotengenezea nguzo za ua, lakini huu ulikuwa na urefu wa mkono tu, na shina nene limepinda kama mzee anayetafuta kitu chini. Alikuwa amejifunza hiyo kazi Mashariki ya mbali, alikokaa akiwa msichana. Sisi tuliuita mti wa sahani. Mpishi, Mzee Wanjala, aliuita mgonjwa.

Mimi na Memsahib ndio tuliung'oa kwenye mawe huko nyuma ya Ngong. Nani aliufanya uwe mfupi hivyo? Mbuzi. Kila ulipojaribu kuinuka, mbuzi walikuwa wanaukata kichwa. Lakini wageni walipouliza, Memsahib alikuwa anasema ni uvumilivu, na wageni walikuwa wanatikisa kichwa kwa heshima. Mbuzi hawakuwahi kutajwa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia.

Nilikuwa nimeoa kanisani, mke wangu Rispa yuko nyumbani Bunyore. Kuishi naye kwenye kwota ilitakiwa ruhusa ya mwenye nyumba, na askari walikuwa wanapita asubuhi kukagua nani amelala wapi. Mke asiye na ruhusa alitolewa na kikapu chake. Kwa hiyo nilikuwa mume wa Krismasi. Likizo ya mwisho niliingia nyumbani, mtoto wangu wa kike akakimbia kujificha nyuma ya mama yake, akauliza, "Mgeni atalala hapa?"

Iliniuma, wakuu. Sitaki kuipamba. Iliniuma sana.

Niliporudi nikamwomba Memsahib ruhusa. Alikuwa anafunga waya kwenye tawi, hakuinua macho.

"Elisha, hii mti nakwenda maonyesho. Kama napata namba moja, bibi yako nakuja kaa hapa."

"Na isipopata, Memsahib?"

"Basi sisi nangoja mwaka ingine."

Mniamini, tangu siku hiyo hakuna binadamu Kenya nzima aliyeutakia mti ule afya kuliko mimi.

Matayarisho yake yalikuwa shule kamili, na yule mama alikuwa anaijua kazi yake, haki yake nampa. Tawi moja alilikausha kwa makusudi, akalimenya gome, akalipaka chokaa na unga wa salfa liwe jeupe kama mfupa, ili mti uonekane umeteseka karne nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kushuka mtoni kubandua lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe yenye unyevu, tukalipanga juu ya udongo kipande kwa kipande. Meza ya kuusimamisha ilitengenezwa na fundi, ikarudishwa mara nyingi kwa sababu mguu mmoja ulikuwa "nasema kelele". Mguu wa meza, wakuu. Kelele.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, mpaka Bwana alipoanza kujivunia.

Bwana, mume wa Memsahib, alikuwa mtu wa ofisi kubwa mjini, na mti hakuwa na habari nao kabisa. Siku moja mkubwa wake alikuja kunywa, akauona nje, akausifu. Kwisha kazi. Kuanzia hapo mti ukawa wa Bwana. Akaamuru uingizwe sebuleni, uwekwe kwenye rafu iliyo juu ya mahali pa kuotea moto, wageni wauone wakiwa na glasi mkononi.

Memsahib alikataa. Alimwambia mutarakwa ni mti wa nje, unataka jua na umande, na ndani ya nyumba utakufa. Bwana akasema ni jioni moja tu.

Ulikuwa msimu wa baridi, mnaujua ule wa Nairobi wa Julai. Moto uliwashwa kila jioni. Na ile jioni moja haikuisha hadi baridi yenyewe ilipoisha, maana kila wiki kulikuwa na mgeni aliyesikia kwa mwenzake. Memsahib alikuwa anafungua mdomo, kisha mke wa mkubwa anasema "lovely", na mdomo unafungwa.

Halafu Bwana akaanzisha desturi. Kabla ya kunywa, alikuwa anaumiminia mti tone la jini, ile pombe yao kali, "kwa afya ya mzee". Wageni wakaipenda. Kila mtu tone lake. Mti ule ulikuwa unalewa mara nyingi kuliko Bwana, na hilo si jambo dogo.

Ulipotolewa nje hatimaye, ulikuwa wa kijani kibichi, mzuri, umetulia. Nikamshukuru Mungu. Kisha, kwa tabia tu ya mtu wa bustani, nikakwaruza gome kidogo kwa ukucha kwa upande wa nyuma. Mti hai, chini ya gome ni kijani na una maji. Huu ulikuwa kahawia, mkavu kama biskuti.

Nikamwita Mzee Wanjala. Akakwaruza naye.

"Huyu alishakwenda, ndugu yangu," akasema. "Ni nguo tu amebaki nazo."

Ndiyo hivyo. Miti ya aina hii ikifa haikuambii. Inabaki na kijani chake wiki na wiki, hata miezi, kama karani aliyeachishwa kazi lakini bado anatoka asubuhi na tai.

Sasa niambieni mngefanya nini. Nikisema, nani angelaumiwa? Mnadhani ni jini? Mnadhani ni moto? Angelaumiwa Elisha, angeambiwa hakumwagilia. Rispa asingekuja mwaka ule, na pengine mimi ndiye ningerudi kwake, bila kazi. Nikanyamaza.

Nikaanza kulea maiti.

Asubuhi na jioni niliupulizia maji kwa ile bomba ya kuulia mbu, nikiwa nimeiosha mara nyingi. Mzee Wanjala akaniletea mafuta kidogo ya kupikia aliyoiba jikoni, nikawa nayapitisha juu ya majani kwa unyoya wa kuku, yang'ae. Ukiugusa vibaya vijani vilikuwa vinadondoka kama makombo, kwa hiyo nilikuwa nashika pumzi. Nilimfukuza paka. Nilimfukuza hata ndege. Haukuwahi kutunzwa hivyo ulipokuwa hai.

Na jambo moja lilinishangaza: Memsahib hakuufunga waya tena, na wala hakuukata tena hata jani. Alikuwa anakuja, anautazama kwa mbali, anaondoka. Nilifikiri ameridhika.

Siku ya maonyesho tuliupeleka kule uwanjani, hapo mnapopaita Jamhuri. Bwana alitangulia. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, mti katikati ya magoti. Memsahib aliendesha gari Barabara ya Ngong nzima kwa mwendo wa mazishi. Watu wa baiskeli walikuwa wanatupita na kutuangalia ndani. Mwanamke huyu siku zote alikuwa akiendesha kama anafukuzwa, na bado sikushtuka. Nilikuwa nimejaa mambo yangu.

Ndani ya hema kulikuwa na waridi, okidi, maboga makubwa kama ng'ombe mdogo. Tukausimamisha mti wetu kwenye meza yake isiyo na kelele. Majaji wakaja, wazee wawili na mama mmoja mwenye kofia.

Walizunguka. Walinong'ona. Yule mama mwenye kofia akainama, akafurahi, kisha akanyoosha kidole kugusa majani.

"No!" akapaza sauti Memsahib.

"Hapana!" nikapaza sauti mimi.

Kwa pamoja, kama kwaya.

Hema zima likatugeukia. Yule mama akarudisha mkono. Mimi na Memsahib tukatazamana, na pale pale, mbele ya maboga yote yale, kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

Majaji wakadhani ni mapenzi kwa mti. Mzee mmoja akasema, na Memsahib akanitafsiria baadaye bila kucheka, kwamba hajawahi kuona mti ulio na utulivu namna ile. Akasifu pia mkono wenye subira uliouumba. Nikawakumbuka wale mbuzi.

Namba moja. Kikombe cha fedha. Bwana akapigwa picha kando ya mti.

Kurudi, tulikuwa wawili tu kwenye gari, na mti. Vijani vilikuwa vinadondoka magotini mwangu kila tulipopita shimo, na hakuna aliyejali tena. Karibu na nyumbani Memsahib akauliza, akitazama mbele.

"Elisha. Wewe najua lini?"

"Tangu mti ulipotolewa nje, Memsahib. Na wewe?"

"Mimi najua mbele yako." Akabadilisha gia. "Mimi naogopa wewe nasema kwa Bwana."

Wakuu! Yule mama mwenye gari na nyumba ya vigae alikuwa akiniogopa mimi, na mimi nikimwogopa yeye, na katikati yetu tumeweka mti uliokufa tunaumwagilia kwa zamu. Nikagundua kwa nini udongo ulikuwa umelowa kila asubuhi kabla sijafika.

"Bibi yako nakuja lini?" akauliza.

"Kesho kutwa akitaka," nikasema.

Rispa alikuja kwa gari moshi, na mtoto mgongoni. Wakati huo mti ulikuwa umeshakuwa mwekundu wote. Chungu kilirudi ghalani, na mti ukatupwa nyuma ya kwota yangu. Jioni hiyo ya kwanza mke wangu alitafuta kuni. Aliuokota mti ule, akaugeuza geuza.

"Kuni za Nairobi ni ndogo hivi?"

Kabla sijajibu, akauvunja kwa goti, akauingiza mekoni.

Wakuu, mutarakwa unawaka. Harufu yake ilijaa kwota nzima, Mzee Wanjala akatoka jikoni kuja kuuliza tumechoma nini. Nikamwonyesha meko huku nacheka. Tukapika ugali kwa mshindi wa kwanza. Mtoto akala, akashiba, akanitazama muda mrefu, kisha akaja mwenyewe kukaa mapajani pangu. Hakuuliza tena mgeni atalala wapi.

Kikombe Bwana alikiweka kwenye rafu ile ile juu ya moto. Chenyewe hakikudhurika.

Funzo nililopata: msiweke mutarakwa ndani ya nyumba, na kabla hamjamficha mtu jambo, hakikisheni kwanza siyo yeye anayewaficha. Mimi nilishika pumzi msimu mzima bure.

Nyinyi mnaouza bonsai humu, semeni ukweli: mmeshakwaruza gome? Nawasoma, mjukuu ananisomea kwa sauti. Mtoto yule wa mapajani ndiye mama yake, na ameketi hapa anasema nimeongeza chumvi kwenye maboga.