Kaburi Lililochipua

Mjukuu wangu ni mthamini. Anapima nyumba na mashamba ya watu, anaandika kila kilichopo. Mimi niliishia darasa la tatu, yeye ana shahada, na nimemlea mimi kwa jembe la mpunga. Asiyependa kusikia hayo azibe masikio. Barabara ya upande wa Idete ilipotaka kupanuliwa, alinichukua twende wote. Wazee wa huku wakisikia Kiswahili cha ofisini wanafunga mlango, ila ukiwasalimia kwa Kindamba wanakuletea kigoda.

Nimeona mambo. Nyumba moja ina kichuguu sebuleni, kimepita urefu wa kochi, wenyewe wanakizunguka kwenda kulala. "Tulikibomoa mara tatu," baba mwenye nyumba akasema. "Ya tatu mtoto akaugua. Basi, tunakaa nacho." Nyingine haina mtu, mlango umezibwa kwa tofali, lakini uwanja ulikuwa umefagiliwa asubuhi hiyo hiyo, mistari ya ufagio inaonekana. Hakuna jirani aliyekubali kwamba ndiye anayefagia.

Haya yote yalinitoka kichwani nilipofika kwa mjane mmoja, wa umri wangu. Mumewe alikuwa mvuvi. Mtumbwi ulirudishwa na maji, yeye hakurudi. Mamba au mto, nani ajue. Kwao mwili ukikosekana mtu haachwi hivi hivi: unakatwa mgomba, unavishwa sanda, unazikwa kwa jina lake, watu wanalia mpaka wanamaliza. Ndivyo walivyofanya. Ila waliotumwa mgomba walikuwa na haraka. Badala ya kuukata juu ya shina, waliung'oa mzima na mizizi yake, wakauzika.

Ukachipua.

Niliukuta umesimama katikati ya kaburi, ubavuni mwa msalaba, una mkungu. Ndizi zimeiva mpaka zimepasuka, hakuna ndege aliyezidonoa. Ndege wote walikuwa kwenye mpapai wa jirani, kimya. Jua lilikuwa la saa sita, na mimi nikajitanda khanga kama asubuhi ya baridi.

"Shikamoo bibi," mjukuu wangu akasalimia.

"Marahaba. Ndiye huyu, dada? Mbona mwembamba, kwenu mpunga mnalima wa kuangalia?"

"Chakula chote kinakwenda kwenye akili," nikamjibu.

Akacheka, kisha akakamata mkono wa mjukuu wangu, hakuuachia. Alishaulizia mambo ya fidia. Kwenye fomu mazao yana safu yake na makaburi yana yake. Kaburi linahamishwa, linazikwa upya anakohamia mwenyewe. Mgomba unapitiwa na greda.

"Wanangu wananiambia humo hamna mtu," akasema. "Wewe uliyesoma, niambie. Mna mtu au hamna?"

Mjukuu wangu akachuchumaa, akautazama ule mgomba kuanzia chini hadi juu. "Bibi, mimi natakiwa kuandika ukweli."

"Sijakwambia udanganye."

Akanigeukia. Nikamuuliza mjane, "Alisaliwa?"

"Katekista alikuja," mjane akajibu.

"Alililiwa?"

"Nilikauka sauti wiki nzima."

"Basi amezikwa," nikamwambia mjukuu wangu. " Hakuna anayekuuliza habari za nyama. Andika."

"Lakini bibi, siku ya kuhamisha watafukua. Watakuta mizizi tu."

"Waikute," mjane akasema. "Wamchimbe taratibu, wasimkate miguu."

Mjukuu wangu akaandika, akamsomea mjane kwa sauti: kaburi moja, ulizikwa mgomba kwa kuwa mwili haukupatikana, mgomba uko hai, uhamishwe pamoja na kaburi. Mjane akamwomba asome tena. Akasoma tena. Ndipo akauachia ule mkono.

Ikabaki picha. Mwenye mali anasimama kando ya mali yake ameshika kibao cha namba. Mjane akajifunga khanga vizuri, akasimama kaburini. Hapakuwa na upepo, majani ya mpapai hayatikisiki. Picha ilipopigwa, jani moja la mgomba lilikuwa limeshuka, limelala begani kwake, wazi kama mkono.

"Samahani bibi, nirudie," mjukuu wangu akasema. "Jani limeingia."

"Acha hiyo hiyo," akajibu. "Tumetokea wote."