Zambi ya Kuazima

Kila asubuhi, mbele ya kusalimia mtu yeyote, Florentine alitandaza ndagala zikauke kwenye mchanga wa Baraka, kando ya ziwa, na vichwa vyote akavielekeza mlimani. Wenzake walimwaga samaki wao kama maji machafu, halafu wakamtania: "Ee mama, ndagala zako zinaenda masomo? Ziko kwa mustari." Yeye alicheka, akaendelea kupanga.

Mwaka wa hamsini na tano, surua iliwachukua watoto wake wawili, Marie na mdogo wake Casimir, ndani ya juma moja. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, na pamba ya lazima ya serikali haimwachi mama alie. Tangu hapo usingizi ukamhama. Ugali ulikaa mdomoni hata akasahau kuumeza. Ndagala alizimwaga vyovyote, na hakuna aliyemtania tena. Kimya hicho kilimtisha kuliko kicheko.

Mume wake Placide, mvuvi wa maneno machache, akampeleka dispanseri. Munganga akauliza kinachomuuma.

"Ni roho," Florentine akajibu.

Kwetu neno ni moja tu: roho inayopiga kifuani, na roho inayokwenda kwa Mungu. Munganga akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akasikiliza, akatabasamu. "Mama, roho yako inapiga kama ngoma ya ndoa. Iko muzima. Kama ni ile roho ingine, mi sina kinini, sina dawa yake. Enda kanisani."

Wakaenda. Muzee Eugène, kiongozi wa kanisa lao, hakuwa mtu mbaya. Alimletea maji ya kunywa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kwake roho inayouma ilikuwa na dawa moja: kutubu zambi wazi, mbele ya watu wote.

"Binti yangu, roho haigonjwe bure. Kuna kitu umeficha."

"Muzee, nilizika batoto babili."

"Wengi wamezika, na wanalala. Tafuta vizuri."

Nyumbani mama mkwe wake, Dorothée, alikwisha kusema: akifika Pasaka bila kupona, arudishwe kwa baba yake, kijijini Kilembwe. Florentine hakuogopa Kilembwe. Aliogopa kuacha makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, ambayo Placide aliyazungushia uzio wa matete.

Basi akatafuta. Jumapili akasimama, akasema aliwahi kuiba chumvi ya mama mkwe.

"Ile chumvi nilijua," Dorothée akasema toka benchi la wamama. "Ata kuku yangu ilijua."

Kanisa likacheka. Eugène hakucheka. "Chumvi haifukuze usingizi, binti yangu. Bado."

Jumapili nyingine: bado. Nyingine tena: bado. Wanawake wakaacha kuja kuomba moto kwake, na mama akipita na mtoto mgongoni alivuka upande wa pili wa njia.

Juma moja mbele ya Pasaka, Florentine akaazima zambi, kama mtu anavyoazima kitambaa cha kwenda ndoani. Alijua ile ambayo kanisa lingeipokea. Akachagua marehemu, ili asiumize mtu: Norbert, aliyezama ziwani upande wa Ubwari miaka mitatu iliyopita, hakuwa na mke wala mtoto.

"Nililala na Norbert," akasema.

Kanisa likaimba. Wanawake ambao hawakumgusa kwa miezi wakamkumbatia mmoja mmoja, wakamfuta machozi kwa vitambaa vyao. Alifika nyumbani, akalala kwenye mkeka uani toka mchana hata jua likashuka. Watu wakasema: munaona? Ilikuwa zambi.

Alipoamka, Placide alikuwa ameketi mlangoni.

"Marie alikuwa wa nani?"

Florentine hakulifikiria hilo. Marie alizaliwa Norbert akiwa hai; mimba ya Casimir iliingia Norbert amekwisha kuzama.

"Placide, nilisema bongo. Norbert hakunigusa ata kidole."

"Ulidanganya kanisa?"

"Nilitaka nilale."

"Na ulilala," Placide akasema, akaondoka.

Kesho yake Florentine akamwendea Eugène, akaapa mbele yake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, macho yamejaa huruma.

"Shetani anataka kukurudisha, binti yangu. Ulilala ao hukulala?"

"Nililala."

"Bongo haiponyeshe muntu."

Ni mikono ya wanawake wale iliyomlaza, si zambi. Lakini atasema nini, na kila mtu alimwona akilala?

Akarudi nyumbani. Nyuma ya nyumba, matete yalikuwa yameng'olewa na kuchomekwa upya. Uzio ulizunguka kaburi moja, la Casimir. La Marie lilibaki nje, na kuku wa Dorothée walikuwa wanaparua udongo wake.

Florentine akawafukuza kuku. Akasawazisha udongo kwa kiganja, polepole, hata ukalala vizuri. Halafu akasimama, akapita uani.

"Wenda wapi?" Dorothée akauliza.

"Kuteka maji."

"Bila mutungi?"

Akashika njia ya Fizi, akapita kanisani walipokuwa wakijifunza nyimbo za Pasaka, akapita dispanseri. Kilembwe hakufika, wala Baraka hakurudi; nyumbani walituma mtu kuuliza. Jioni ile Dorothée alimwekea ugali wake kwenye sahani, ukalala hapo, asubuhi akaumwagia mbwa.