Upande wa Dirisha

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride akatangaza kwamba siku nzima hakutakuwa na hisabati wala sayansi, na sisi tukapiga makofi kabla hajaeleza kwa nini. Wageni walikuwa wamekuja, vijana watano wenye fulana za zambarau na spika moja kubwa, kutufunza kuhusu tofauti zetu, kuhusu kutomwacha mtu nje, na kuhusu afya ya moyo. Nilikuwa darasa la saba. Nilidhani afya ya moyo ni mambo ya presha kama ya nyanya yangu, nikawa najiuliza watatupima vipi wote kabla ya saa ya kwenda nyumbani.

Rafiki yangu, yule tuliyekaa naye dawati moja, hakupiga makofi. Alinivuta sweta.

"Watatugawanya?"

"Hawawezi."

"Wageni hugawanya watu kila mara. Utaona."

Alikuwa na sababu ya kuogopa, na ni mimi peke yangu niliyeijua pale shuleni. Sikio lake moja lilikuwa limekufa. Alipata matubwitubwi akiwa darasa la pili, mashavu yakavimba, yakapona, lakini sikio halikurudi. Nyumbani kwao, shangazi mmoja aliyekuja kutoka Machakos alikuwa amesema mbele yake kwamba shule ikijua itampeleka bweni la watoto viziwi, mbali huko, arudi likizo kwa likizo. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Mimi aliniambia kwa sababu nilimuuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali, na bado niko hivyo. Mama husema nilizaliwa nikiuliza nesi anatoka wapi.

Basi tukatengeneza mpango wetu. Mwalimu akimwita, namgonga goti mara moja chini ya dawati. Darasa likicheka, mara mbili, naye anacheka. Mtu akimwita kutoka nyuma, mara tatu. Baadaye mpango ukakua, tukaongeza kumpapasa kwa mgongo wa kidole kwa mambo ya udaku, kama mwalimu kuwa na sukuma wiki kwenye jino. Miaka miwili hivyo, hakuna aliyeshuku. Nilijiona mtu muhimu sana. Nilijiita sikio lake, kimoyomoyo.

Sasa wale wageni wakatupanga mstari mrefu uwanjani, tuhesabu moja mpaka nne, kila namba iwe kundi lake. Hapo mstari ukaanza kuchezacheza kama nyoka, kila mtu akihama ili awe na rafiki yake. Mimi nilipiga hesabu haraka. Makundi manne, kwa hivyo tuache watu wanne katikati yetu, tutaangukia namba ileile. Nilimwambia rafiki yangu akae hapo alipo, nikahesabu watu wanne, nikajiingiza.

"Mbili!" akasema yeye.

Tatu, nne, moja, mbili, wakasema wale wa katikati.

"Tatu," nikasema mimi. Ilifaa kuwaacha watu watatu. Siku isiyo na hisabati, nami nimefeli hisabati.

Kundi letu la tatu lilipelekwa kukaa kivulini chini ya tangi la maji. Tulipewa karatasi na kalamu za rangi, tuchore mahali ambapo moyo wetu hutulia. Mimi sikufikiri hata kidogo. Nilichora dirisha la darasa letu. Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, na dawati letu lilikuwa limegusana na dirisha upande wa kulia. Kutoka hapo unaona mabati ya mtaa mzima, nguo zilizoanikwa, halafu juu yake ndege zikishuka kwenda uwanja wa ndege, tumbo jeupe, magurudumu nje. Kila ndege nilikuwa naipa nchi. Hii ya Brazili. Hii ya Uchina, imebeba watu waliolala. Nilikuwa nimechora dirisha na ndege mbili, naanza ya tatu, nikainua macho kumtafuta rafiki yangu.

Kundi la pili lilikuwa katikati ya uwanja, wawili wawili. Mmoja anafungwa macho kwa tai yake ya shule, mwenzake anasimama mbali na kumwita, naye anatembea kuifuata sauti. Walitaka tujue maisha ya asiyeona. Rafiki yangu alikuwa amepangwa na mvulana mmoja mcheshi, yule ambaye kila darasa huwa naye, anayejibu mwalimu na watu wanaanguka. Mvulana alisimama karibu na goli.

"Kuja huku! Huku, msee! Fuata sauti ya mfalme!"

Rafiki yangu akasimama tu. Akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili, kama mtu anayetafuta harufu. Halafu akaanza kutembea kwa uhakika kabisa, akilipa goli mgongo, kuelekea jikoni.

Jikoni petu palikuwa banda la mabati lenye sufuria kubwa ya githeri juu ya moto wa kuni. Niliitupa karatasi nikakimbia. Mpishi alinitangulia. Alitoka na mwiko mkononi akamshika bega.

"Wewe mtoto! Huku ni moto, unaenda wapi?"

Uwanja mzima ukacheka.

"Njaa imempiga!" mvulana akapiga kelele. "Mimi namwita, yeye anafuata githeri!"

Dada mmoja wa fulana za zambarau, yule aliyeongoza mchezo, alifika na karatasi zake. Akamuuliza polepole, "Kwani hukumsikia mwenzako?"

Nilidakia mimi, nikihema. "Ni njaa, dada. Hakunywa chai asubuhi." Nikamgonga rafiki yangu mkononi mara mbili, cheka, cheka nao.

Hakucheka. Alifungua tai machoni, akaikunja vizuri kama ya kuwekwa sandukuni.

"Nilimsikia," akasema. "Sikujua yuko wapi."

"Si nilikuwa golini?" mvulana akauliza.

"Sikio langu moja halifanyi kazi. Nikifungwa macho nasikia mtu, lakini sijui anatoka upande gani. Anatoka kila mahali."

Nilishtuka kuliko wote. Miaka miwili nikijiita sikio lake, na hilo sikulijua. Nilidhani sikio moja ni kama redio iliyopunguzwa sauti, nusu ya yale tunayosikia sisi. Sikujua kwamba sauti inaweza kupoteza mahali pake.

Yule dada aliangalia karatasi zake. Nadhani hazikuwa na kitu juu ya jambo hilo. Akazikunja, akaketi kwenye nyasi, nasi tukaketi. "Tueleze basi," akasema. "Mimi pia sijui."

Rafiki yangu akaeleza. Alieleza habari za kuvuka barabara na bodaboda zinazopiga honi, na kugeuka vibaya. Mvulana mcheshi alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

"Kwa hivyo ndio maana nikikuita pale koridoni unaangalia kila pembe kama askari wa benki?"

Watu wakacheka, na safari hii yeye akacheka bila kugongwa. Mvulana akainuka, akazunguka, akaketi upande wake wa pili. "Hapa nasikika?"

"Hapo unasikika hata sana."

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yetu na mikono kiunoni. Alikuwa mama mkali, lakini sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Mngenipeleka bweni, mwalimu. La viziwi."

"Nani amesema?"

"Shangazi."

"Mwambie shangazi, kwa sikio hilo moja mimi sikuhamishi shule. Nitakuhamisha dawati, basi. Na mama yako aje tuzungumze, upelekwe kliniki liangaliwe. Ni sikio gani?"

"La kushoto."

Mwalimu akainua macho kwenye ghorofa ya pili, akaliangalia dirisha letu. Nikamwona akifikiri. Nami nikaanza kufikiri, na nikatamani nisingeanza.

"Lakini umekaa dirishani," akasema. "Darasa lote liko kushoto kwako. Sikio zima linasikiliza nini huko, mabati? Ungekaa kwa ukuta wa mlangoni ungesikia kila mtu. Kwa nini hukuomba kuhama hata siku moja?"

Rafiki yangu alinitupia jicho, akalitoa haraka.

"Huyu anapenda ndege," akasema.

Hakuna aliyenilaumu. Mwalimu alisema tu kwamba tumpe jibu kesho, ikiwa tutahama sote wawili au yeye atahama na mtu mwingine. Kengele ya chakula ikalia. Mtu akaniletea karatasi yangu, ina vumbi na alama ya kiatu, dirisha na ndege mbili na nusu. Niliikunja nikaitia mfukoni. Yule dada alipopita akiuliza nani angependa kuonyesha mahali ambapo moyo wake hutulia, nilijifanya natafuna.

Jioni, kabla mama hajarudi kutoka kazini Industrial Area, nilikata kipande cha godoro kuukuu nikaziba nacho sikio la kushoto, nikalikandamiza na kiganja juu yake. Nikafumba macho katikati ya chumba. Nikamwambia mdogo wangu ajifiche na aniite.

"Niko wapi?"

Nilielekeza mlangoni.

"Niko kitandani!" Akacheka mpaka akakohoa. "Tena! Tena!"

Nilikosea mara nyingi. Mara moja tu nilipatia, na ni kwa kubahatisha. Nikatoka nje kwenye uwanja wa kuanikia nguo, sikio limezibwa vilevile. Redio ya jirani, mtoto anayelia, mtu anayesonga ugali, vyote vilikuwa vimerundikana mahali pamoja upande wa kulia, kama vyombo vilivyotupwa kwenye karai. Ndege ikapita. Niliisikia vizuri. Nikaitafuta angani nikaipata mahali pengine kabisa, nikabaki nikiishangaa mpaka ikazama nyuma ya ghorofa. Yeye huisikia hivi, nikawaza, na siku zote mimi humwambia, "Angalia ile!" naye hunifuata kidole.

Kesho yake nilifika mapema. Nilihamisha vitabu vyangu na vyake, nikavipanga kwenye dawati la ukutani karibu na mlango, pale ambapo rangi ilikuwa imebambuka na mtu alikuwa ameandika jina la timu yake. Alipoingia alisimama kwanza dirishani, akiwa na mkoba mgongoni.

"Na ndege zako?"

"Zitatua tu hata nisipoziangalia. Kaa wewe huko ndani, ukutani. Sikio bovu lisikilize rangi."

Akaketi. Kipindi cha kwanza mwalimu alimwita, na kidole changu kikaenda chini ya dawati kwa mazoea, lakini kabla hakijamfikia goti yeye alikuwa ameshasimama, amejibu, na jibu lilikuwa sahihi. Nilikirudisha kidole mapajani. Sikujua nikifanyie nini. Nilifurahi, kweli nilifurahi, lakini pia nilihisi kama mtu aliyefutwa kazi.

Halafu ndege ikasikika. Kwa mlio nilijua ni kubwa, ya mbali, labda ya Japani, na abiria wanarekebisha saa zao, na kwenye dirisha la ndege yuko msichana anayeuliza yale mabati mengi ni ya mji gani. Nilikuwa bado naye huko juu, namwelezea mtaa wetu, nilipohisi kitu gotini. Mara moja. Kidole cha rafiki yangu.

Nikaruka wima. Darasa lote lilikuwa limenigeukia, na mwalimu ameninyooshea chaki.

"Naam, mwalimu?"

Nyuma yangu mvulana mcheshi alikuwa tayari anacheka. Rafiki yangu akainama kama anayeokota kalamu, akaninong'oneza swali.