Msusi Aliyemwokoa Kimulimuli

Watoto wote wa mtaa ule walimwita Shangazi, hata wale ambao hawakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Alisukia nyumbani, kwenye chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Humo mlikuwa na mkeka, kigoda, mto wa kukalia uliopasuka akaushona kwa uzi wa kusukia, na televisheni juu ya kabati. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya kisasa, yenye vioo ukutani na feni darini. Lakini ukimwuliza mama yeyote kwa nini hampeleki bintiye kule, angekujibu palepale: kwa Shangazi mtoto halii.

Hapakuwa na dawa wala hirizi, ilikuwa ni televisheni tu. Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na katuni ya Shujaa Kimulimuli, na wimbo wake ukianza, mtoto anaganda kama aliyemwagiwa gundi. Hapo ungeweza kumvuta nywele mpaka nyusi zipande kwenye paji la uso, asiseme hata "ai".

Ajabu ni kwamba Shangazi mwenyewe hakuwahi kumwona huyo Kimulimuli. Macho yake ya karibu yalikuwa makali, angeweza kutenganisha unywele na unywele. Ya mbali yalikuwa ukungu mtupu, na miwani alikataa katakata kwa kuwa, alisema, ilimfanya afanane na mama mkwe wake. Basi miaka miwili alimsikia tu. Alijua sauti ya Kimulimuli, nzito kama pipa linalobingirishwa. Alijua na kikohozi cha Bwana Masizi, mwizi wa mwanga, anayeiba taa za watu na kuzitia kwenye gunia. Kutokana na ile sauti ya pipa alijitengenezea mtu wake: baba mrefu wa kugusa kizingiti cha juu, mabega mapana, masharubu yamechanwa. Hakuna aliyemwuliza, naye hakumwambia mtu.

Jumamosi moja akaingia mama mwenye harusi, mwanamke mkubwa ambaye hata akikusalimia unadhani umekosea. Alikuja na wasichana watano wadogo, wale watakaotangulia mbele ya bibi harusi.

"Mistari ya kupanda juu, ikutane utosini kama taji," alisema. "Wote wafanane. Wakinipendeza, kesho asubuhi bibi harusi mwenyewe anakuja kukaa hapa kwenye mkeka wako, yeye na ndugu zake wote wa kike. Wasiponipendeza..." Hakumalizia. Alitazama tu ng'ambo ya barabara, akatoka.

Shangazi alielewa. Bibi harusi wa nyumba ile akisukwa saluni, mtaa mzima utamfuata, na mkeka wake utabaki wa kulalia paka.

Kazi ilikwenda vizuri. Mdogo wake Shangazi alikuwa pembeni akichambua nywele za bandia na kumpokeza, kichwa cha kwanza kikaisha, cha pili, cha tatu. Wa nne akaingia kati ya magoti. Wa tano alikuwa yule waliyemwita Kiwavi, jina alilopewa na mama yake mzazi kwa sababu hajawahi kutulia tangu azaliwe. Siku hiyo alikuwa ametulia, maana ilikuwa sehemu ya mwisho. Bwana Masizi alikuwa amezima mji mzima, na taa ya Kimulimuli mwenyewe ilikuwa inapepesa.

"Kho! Kho!" akacheka Masizi. "Sasa na wewe unazi—"

Umeme ukakatika.

Watoto waliendelea kukikodolea kioo kilichozimika. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Masizi kaiba mpaka televisheni."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wa nne aliruka na chanuo likining'inia kichwani, nusu taji, nusu kichaka. Kiwavi alipanda kabati kutazama nyuma ya televisheni kama shujaa kabaki humo. Waliokwisha sukwa wakaanza kujikuna.

Ng'ambo, jenereta likanguruma, na mwenye saluni akatokea mlangoni amejishika kiuno. "Jirani! Walete huku! Huku kuna umeme, kuna feni, na televisheni yetu inajaa ukuta!"

Na nani afike wakati huo kama si mama mwenye harusi, aliyesahau mkoba wake? Alimtazama Kiwavi juu ya kabati. Alitazama kichaka.

"Nakwenda kwa fundi kuchukua magauni," akasema polepole, na polepole yake ilitisha kuliko kelele zake. "Nikirudi nikawakuta hivi, nawabeba kama walivyo, navuka nao barabara."

Alipoondoka, Shangazi alijaribu kubembeleza. Akajaribu kukaripia. Akaahidi peremende ambazo hakuwa nazo.

"Dada, tuwaache tu waende," mdogo wake akasema. "Kuwasuka hawa bila katuni ni kama kusuka kuku."

Shangazi akavuta pumzi ili amjibu mdogo wake jibu ambalo lingemkaa wiki nzima. Lakini kilichomtoka kifuani kilikuwa kingine.

"Kho! Kho! Nani huyo anayekimbia kwenye giza langu?"

Chumba kizima kiliganda. Kilikuwa kikohozi chenyewe, na lile koo la kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga. Mdogo wake akadondosha nywele.

"Ni mimi, Masizi!" Sauti ya pipa ikabingirika, nayo ilitoka kinywani humohumo. "Mimi Kimulimuli! Na sikimbii!"

Wa nne alirudi kati ya magoti bila kuitwa. Kiwavi akateremka kabatini. Vidole vya Shangazi vikaanza kazi. "Lakini nawaambia mapema," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "kichwa kikitikisika, Kimulimuli anasimama. Kichwa kikitulia, anakwenda."

Kichwa kikatulia. Taji la nne likaisha, Kiwavi akakaa, na hadithi ikafika kwenye mlango wa chuma wa mnara ambamo gunia la mwanga lilifichwa.

"Kimulimuli akanyoosha masharubu yake," akasema Shangazi, "akaupiga mlango bega..."

"Masharubu?" Kiwavi akageuka.

"Kichwa mbele!"

"Shangazi, Kimulimuli hana masharubu. Ni mdudu."

"Mdudu kweli? Si jina la utani tu?"

"Mdudu! Mdogo kama ncha ya kidole. Anawaka matakoni."

Mdogo mtu aliangukia zile nywele za bandia akicheka mpaka machozi. Shangazi alibaki na kitana hewani.

"Miaka miwili," akasema, "miaka miwili namheshimu huyu baba, kumbe anawaka matakoni!"

Watoto walicheka wakashikana mbavu. Kiwavi naye akacheka, lakini kwa mdomo tu, kichwa hakikusogea, maana alitaka Kimulimuli aendelee.

"Haya basi, nyinyi mnaomjua," akasema Shangazi, na vidole vikarudi kazini. "Mabega hana. Mlango wa chuma huu hapa. Anaingiaje?"

"Tundu la ufunguo!" Kiwavi akapiga kelele, shingo imenyooka kama mlingoti.

"Kapita! Kaingia ndani. Masizi kalalia gunia, anakoroma. Kimulimuli katoboa kitundu kidogo, kajipenyeza humo humo katikati ya mwanga ulioibiwa. Na taa yake iliyokuwa inakufa, ikanywa. Ikanywa, ikashiba. Gunia likaanza kuvimba." Akavuta mstari. "Paa! Likapasuka! Taa ya jikoni kwa bibi, ikarudi!" Mstari mwingine. "Taa ya dukani, ikarudi! Taa ya barabarani, ikarudi!"

"Na Masizi je? Kafanywa nini?"

Sauti ile haikuwa ya mtoto. Mama mwenye harusi alikuwa amesimama mlangoni, magauni yamejaa mkononi, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Shangazi hakuinua macho. Alifunga mstari wa mwisho utosini kwa Kiwavi, akaupaka mafuta, ndipo akajibu. "Kapewa ufagio, mama. Anafagia masizi yake mji mzima, mpaka leo."

Mama yule akaangua kicheko kilichotikisa magauni. Akawapanga wasichana mlangoni kwenye mwanga, akavigeuza vichwa kimoja kimoja kama anayechagua matikiti. Mataji matano, hakuna lililopinda. Kisha akageukia barabarani, na hapo sauti yake kubwa ikapata kazi.

"Wewe mwenye jenereta! Zima hilo dude lako, hatusikilizani huku! Bibi harusi anasukwa hapa!"

Na kweli, kesho yake bibi harusi alikaa kwenye mto ule ule ulioshonwa kwa uzi, dada zake na mashangazi wamejaa mpaka barazani. Wote walitaka Masizi akohoe, na bibi harusi ndiye aliyetaka zaidi.

Jumamosi iliyofuata sehemu ya mwisho ilirudiwa, na umeme ulikuwepo. Shangazi aliacha kichwa cha watu, akainuka, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa kioo.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Na sauti yote ile anaiweka wapi?"

Kwenye televisheni Kimulimuli alishinda kwa kurusha mshale wa mwanga, Masizi akakimbia, basi. Kiwavi, aliyekuja bila hata haja ya kusukwa, akabetua midomo. "Ya kwetu ndiyo nzuri. Shangazi, zima hiyo, utuambie ile yenyewe."

Akaizima. Na alipogeuka, mlangoni kulikuwa na mtu amemshika mtoto mkono, macho chini. Ni mwenye saluni na bintiye.

"Kwangu analia," akasema.

Mdogo wake Shangazi alifunika mdomo akingoja mvua ya maneno. Haikunyesha. Shangazi alikung'uta mto, akamkalisha mtoto kati ya magoti, akachora njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, iliyonyooka kama uzi.

"Kho! Kho!" akasema.

Mtoto akatulia tuli.