Kijapani Nilichojifunza Kando ya Kitanda cha Mama

Nilijifunza kuandika Kijapani nikiwa na mafuta ya nazi vidoleni. Kila asubuhi nilikuwa namwogesha mama, namkanda mkono na mguu wa kushoto uliopooza, namvika gauni na kumwegemeza kwenye mito, kisha nakaa mkekani kando ya kitanda chake na kufungua simu. Kioo cha simu hakikubali kidole chenye mafuta. Nilikifuta kwa leso, nikajaribu tena, na hapo ndipo darasa langu lilipoanza, pale nyumbani Munje, muhogo ukichemka jikoni na mama akisinzia.

Nilikuwa nimeachika. Baada ya talaka nilipata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na nilikuwa naipenda. Mama alipopata kiharusi, hakuna aliyeuliza nani ataacha kazi. Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kombani, ana mke, ana watoto, ana kila kitu kinachomfanya mtu aitwe mwenye shughuli. Mimi sikuwa na mume, kwa hiyo kwa macho yao sikuwa na shughuli. Nilifunga virago nikarudi Munje.

Habari za Japani nilizipata kwa mwanamke tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja hotelini. Kulikuwa na ofisi Mombasa iliyotafuta watu wa kwenda kulea wazee huko: kuwalisha, kuwaogesha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda vya mgongo. Nilipousoma ujumbe wake nilihisi kama ninatukanwa na kubembelezwa kwa pamoja. Kazi niliyokuwa naifanya bila hata ya asante, kumbe huko ina sare, ina mshahara na ina siku ya mapumziko. Walichotaka zaidi ni lugha, na lugha mtu angeweza kuianza kwa programu ya bure ya simu.

Basi nikajitosa. Programu hukuonyesha alama, nawe unaifuatisha kwa kidole, mstari baada ya mstari, kwa mpangilio wao wenyewe. Mistari ya kulala huanzia kushoto kwenda kulia. Mkono wangu ulifunzwa kuandika Kiarabu chuoni, mbele ya fimbo ya maalimu, kuanzia kulia, na kila nilipojisahau ulirudi huko huko. Simu ilitikisika na kunikatalia. Siku nyingine niliitukana kwa sauti, kisha nikaomba msamaha nikidhani mama amesikia.

Alama ya mama ni kisanduku kilichoinama chenye nukta mbili, na programu ilieleza kwamba nukta hizo ni matiti. Hiyo niliishika siku hiyo hiyo. Zile za kulea wagonjwa zilinitoa jasho, maana mojawapo ina mistari mingi hata macho yanauma. Kisha kuna ile ya paa, na chini ya paa ameketi mwanamke, na maana yake ni utulivu. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Aliyeibuni alama ile bila shaka alikuwa na dada aliyeachika, amerudi kwao kuuguza.

"Wacheka nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Wajapani hawa, mama."

Akataka kuona. Nilimshikia simu karibu na uso, akaikodolea macho. "Haya ni maandishi au ni dema la kutegea samaki?" Nikamwonyesha namna ya kufuatisha, naye akaunyoosha mkono wake mzima na kuchora alama ya mto, mistari mitatu ya kusimama, polepole. Simu ikapiga kengele yake ya kupongeza. Mama alifurahi siku ile kuliko nilivyomwona tangu augue. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya kazi ya ng'ambo, nikisubiri akunje uso. Alisema "Inshallah" tu, akafumba macho, nami sikumchimba zaidi.

Nilifaulu mtihani wao wa lugha. Ofisi ile ikanihoji kwa simu ya video, nikaulizwa kama nimewahi kumlea mtu asiyejiweza. Nilitamani kucheka tena. Wakanipa nafasi kwenye mafunzo ya bweni, na kutoka huko ni safari.

Kaka akaitisha kikao nyumbani kwake Kombani, akaalika na ami zetu. Mama nilimwacha na jirani. Nilikwenda nimejiandaa kama wakili: binti wa jirani yule yule angemlea mama, alikuwa amekubali, na ujira wake ningeutuma mimi. Nilisalimu, "Shikamoo kaka," akaitika marahaba kwa upole mwingi, na upole ule ulipaswa kunitia shaka.

"Dada yangu," akasema, "sisi hatukuzuii. Lakini mama ameniita mimi, mwanawe, akanilia. Amesema hataki kuogeshwa na mkono wa kuajiriwa. Amesema ukienda, umemzika. Mwenyewe hawezi kukwambia, anakuonea haya."

Ami zetu wakatikisa vichwa na kusema radhi ya mzazi si kitu cha kuchezea. Nikawapigia watu wa Mombasa nikiwa bado barazani kwa kaka, nikaiachia nafasi yangu.

Watu wa bara waweza kuniuliza kwa nini sikurudi nyumbani nikamuuliza mama mwenyewe. Kwetu hilo ni masimango. Ukimuuguza mzazi kisha ukamtajia ulichokikosa kwa ajili yake, umeufuta wema wako wote, na yeye kila tonge utakalomlisha litamkwama kooni. Kwa hiyo nilijikaza kisabuni. Nilirudi Munje, nikamwamkia mama, nikamuuliza kama amekula. Kusema kweli nilimkasirikia. Nilimwogesha kwa hasira miezi mingi, kwa mikono laini na moyo mkavu, na sidhani kama alijua.

Mwaka uliofuata kaka akaja Munje na bintiye mkubwa, aliyemaliza sekondari. Alinikuta nikipepeta mchele.

"Huyu naye anaitaka ile Japani," akasema. "Mfundishe. Wewe lugha unaijua."

"Kumbe Japani si mbali tena?"

"Usiwe hivyo. Huyu bado mtoto, ana maisha mbele yake. Wewe umeshaishi."

Nilikuwa sijafika miaka arobaini. Nilimtazama nikitarajia aone haya, hakuona. Lakini msichana hakuwa na kosa, aliniita shangazi na kunibusu mkono, na mimi, sina la kujitetea, nilikuwa na kiu ya kuzungumza lugha ile na mtu. Akakaa kwetu. Nilimfundisha kwenye mkeka ule ule, mama akitusikiliza. Alikuwa mwepesi wa kushika. Alipofaulu, kaka alichinja mbuzi, akawaambia wageni kwamba bintiye amejifunza kwa simu.

Mwezi uliopita msichana yule alitupigia video kutoka kazini. Alikuwa na sare ya buluu iliyopigwa pasi, nyuma yake ukumbi mweupe na vikongwe wao wamepangwa kwenye viti vya magurudumu. Akamwonyesha bibi yake dirisha, akamwonyesha mti uliopukutika majani. Simu ilipokatika nilikwenda kuleta uji, na niliporudi mama alikuwa bado anatazama kioo kilichozimika.

"Kazi nzuri," akasema. "Na wewe ungeiweza kuliko yeye. Ulikataa kwa nini, mwanangu?"

"Nani alikwambia nilikataa?"

"Kaka yako. Ijumaa ile baada ya kikao chenu, ulipokuwa jikoni. Alikuja akaniambia umekataa mwenyewe, moyo wako hautaki. Nikamwambia akubembeleze uende, nikamlilia, wallahi. Akasema nisikutajie tena, nitakutonesha."

Nilisimama na bakuli mkononi. Mtu mmoja aliniambia mama amekataa, akamwambia mama mimi nimekataa, kisha akarudi dukani kwake kuuza misumari. Nasi wawili, katika nyumba ya vyumba viwili, tukafumba midomo kwa kuoneana haya. Nilimchukia kaka yangu, na leo ninapoandika bado ninamchukia.

Maneno yalikuwa yameshanijaa mdomoni. Lakini nilimtazama mama. Yule ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Kila Ijumaa husubiri sauti ya pikipiki yake tangu adhuhuri, na hunitaka nimpake wanja kabla hajafika. Yule ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea siku ya maziko yake.

"Niliogopa baridi yao, mama," nikasema.

Alinitazama. Sikuwahi kumwona akinitazama vile, hata siku niliporudi na talaka.

"Basi ulikuwa mwoga," akasema. "Mimi sikukulea uwe mwoga."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikaketi nikaanza kumlisha uji.